Kiti cha bizinesi hakikuwa changu, kilibaki tu

Watu wengi wakiona picha ya mfanyakazi wa ndege kakaa bizinesi, vile viti vya mbele vya bei kubwa, miguu kainyoosha, glasi mkononi, wanajua hapo kuna bosi kapiga simu. Hamna bosi. Kuna listi tu. Listi ya standibai, yaani ya wanaosubiri viti vitakavyobaki, ile inayotokea kwenye skrini pale getini, herufi tatu za jina la ukoo na herufi moja ya jina lako la kwanza, na kama umewahi kukaa kwenye geti la Marekani ukaona watu wamesimama pembeni, hawakai, hawali, macho hayabanduki juu ya ile skrini, basi ujue karibu wote hao ni wenzangu.

Mimi napakia mizigo. Uwanja gani na shirika gani naomba mniachie, kazi bado naitaka. Ni shirika kubwa la Marekani, nilianzia rampu, pale nje ndege zinapoegeshwa na kupakiwa, na nipo rampu mpaka leo, baridi ya Januari inanikuta nje na joto la Julai linanikuta ndani ya tumbo la ndege nimepiga magoti nasukuma masanduku. Na tuseme ukweli jamani, hamna mtu anayekuja rampu kwa ajili ya mshahara wa kuanzia. Wanafuata ndege. Nina mwenzangu ni mwalimu wa sekondari, mwingine ana duka lake zuri tu, lakini wote wameng'ang'ania shifti za wikiendi wasije wakapoteza pasi, yaani ile ruhusa ya mfanyakazi kupanda ndege bure.

Ukitaka kuielewa standibai fikiria harusi. Waalikwa wanakula kwanza, tena wanakula vizuri, na watu wa jikoni wanakula kitakachobaki. Siku nyingi kinachobaki ni ukoko wa pilau. Siku nyingine hamna hata ukoko, unalala njaa. Ila kuna siku moja moja meza ya wakubwa wamekuja wachache, na pale jikoni mnajikuta mmekaa na sinia zima la kuku. Hiyo siku ya kuku ndo watu wanapiga picha. Ya ukoko haipigwi picha na mtu.

Sasa hii bure ni bure kweli? Ndani ya Marekani kwa mashirika makubwa ndio, hulipi kitu au unalipa kidogo mno. Ukitoka nje ya nchi unalipa kodi na ada za viwanja. Na kwa kile kiti serikali ya Marekani haikukati kodi ya mapato, maana kwenye sheria yao ya kodi kuna kifungu cha 132, cha mwaka 1984, kinasema mwajiri akikupa huduma ile ile anayoiuza kila siku, na kukupa wewe hakumwongezei gharama ya maana, basi huo sio mshahara. Kiti ambacho kingeruka kitupu ndo mfano wake mzuri kuliko yote. Na ndani ya kifungu hicho kuna kipengele, aliyekiweka Mungu amzidishie, kinachosema kwa usafiri wa anga wazazi wa mfanyakazi nao wamo. Wazazi! Marekani hii ambayo familia kwao ni mume, mke na watoto, kwenye ndege wakamkumbuka mama. Ndo maana mama yangu, aliyezaliwa Pangani na hajawahi kuajiriwa na mtu, ana jina lake kwenye mfumo wa shirika la ndege la Marekani.

Foleni yenyewe ina ngazi. Juu kabisa ni aliyelipa, huyo kwetu hagusiki. Wapo pia wafanyakazi wanaopelekwa kazini, rubani au mhudumu anayesubiriwa na ndege nyingine mji wa pili, hao wana kiti cha lazima. Hapa ndo watu huwa wanachanganya. Aprili 2017 yule daktari David Dao, abiria aliyelipa, alipoburutwa kutolewa kwenye ndege ya United Express pale Chicago mpaka akatoka damu, dunia nzima ikasema katolewa ili wafanyakazi wapande bure. Wale walikuwa wafanyakazi wanne wanaotakiwa kazini Louisville, na hata kwao lile jambo lilikuwa aibu tupu. Sisi wa matembezi hatuna ubavu huo kabisa. Mtu wa standibai hamtoi abiria aliyelipa, hata awe na miaka arobaini kazini.

Wakishaisha hao ndo inakuja listi yetu, na kila shirika lina hesabu zake. Shirika la American wana mafungu ya D: D1 ndo ya juu, unapewa chache za kuhesabu kwa mwaka, D2 ndo ya kila siku, wazazi wana D2P chini yake, marafiki uliowapa pasi wako D3 huko chini karibu na mlango. Ndani ya fungu moja anayewahi kucheki-in ndo anatangulia, na dirisha linafunguka saa 24 kabla ya safari, kwa hiyo utakuta mtu mzima na heshima zake kaweka alamu saa tisa usiku aminye kitufe. Delta na United wanaangalia tarehe uliyoajiriwa. Wenyewe kwa wenyewe tunabishana ipi ina haki zaidi na huo ubishi hauna mwisho, vijana wanapenda ya kuwahi, wazee wanapenda ya tarehe, na mimi nilivyokuwa mgeni nilikuwa upande wa vijana, sa hivi nimeanza kuona wazee wana hoja.

Acha niwaambie kwa nini. Pale kwetu kuna mzee mmoja Mhabeshi, tunapakia naye ndege moja, ameanza kazi enzi hizo mizigo bado inasomwa kwa macho. Hana cheo chochote, hakutaka kuwa supavaiza kwa sababu supavaiza hachagui shifti. Siku moja nimetoka kazini nikapita getini kumuaga, anakwenda zake Ulaya kubadilisha ndege aelekee kwao. Kavaa sweta kapiga pasi, kofia mkononi. Na pale pembeni, kwenye ndege hiyo hiyo, kuna manejia wetu wa ofisini, kijana, laptopu mapajani, ndo yule anayetupangia nani apakie wapi. Bizinesi vimebaki viti viwili. Skrini ikapepesa, jina la mzee likapanda juu na alama ya kijani, kiti 4A. La manejia lilikuwa namba tisa. Dada wa geti akachapisha ile karatasi, akamwita mzee kwa jina la kwanza, mzee akaikunja mara mbili akaitia mfukoni kana kwamba ni risiti ya sukari tu, akanipungia. Manejia akapata kiti cha katikati huko nyuma, baada ya kusubiri mpaka mlango unakaribia kufungwa.

Sijui kazi nyingine ambayo jambo hilo linatokea mchana kweupe na hamna anayelalamika. Digrii haisogezi jina. Kujuana na dada wa geti hakusogezi jina, akichezea listi kazi hana. Wakubwa wa juu kabisa kweli wana tiketi za uhakika, hao hawasimami na sisi, lakini kuanzia hapo kushuka chini, kwetu kinachoongea ni miaka uliyokaa. Mtu aliyekula baridi ya rampu miaka thelathini anamkalisha nyuma mtu anayemwandikia ripoti. Mimi hilo tu linanitosha kuipenda listi, hata siku inaponitupa.

Turudi kwenye viti vya mbele maana najua ndo mlichofuata. Watu wanashangaa nikisema ndege ya mwendo wa saa mbili ndani ya Marekani ni ngumu kukaa mbele kuliko ndege ya kuvuka bahari. Sababu ipo. Ndege za ndani, abiria mwenye kadi ya daraja la juu, ile ya wanaosafiri mara kwa mara na shirika, anapandishwa mbele bila kulipa nafasi ikiwepo, kwa hiyo kiti kimoja kikibaki kuna msururu wa watu wenye kadi zao wanakisubiri kabla hata hawajakumbuka kwamba sisi tupo. Bizinesi ya kwenda Ulaya au Asia haiendi hivyo, mwenye kadi naye lazima atoe maili, vocha au pesa taslimu, na wengi hawatoi, basi viti vinabaki. Ndo inakuwa kichekesho, mtu huyo huyo aliyekosa kiti kipana cha kwenda Dallas analala kwenye kitanda juu ya Atlantiki, shuka safi, mto, supu kwenye bakuli la kaure.

Msimu nao. Februari, Jumanne au Jumatano, kwenda Ulaya, hapo unaweza kukuta bizinesi iko wazi nusu. Julai usijisumbue. Desemba ya kurudi Afrika Mashariki ndo kabisa, kila Mkenya na Mtanzania aliyeko Amerika anarudi kula sikukuu nyumbani na wote wamelipa. Na dhoruba, hii ina pande mbili. Mvua ya radi ikipiga Chicago mchana, abiria wa kuunganisha wanachelewa, viti vyao kwenye ndege ya usiku vinaachwa, shida ya mwenzio inageuka kitanda chako. Ila ndege ikifutwa kabisa, watu mia mbili wanamwagwa kwenye ndege za kesho na keshokutwa, hapo rudi nyumbani kapike ugali.

Siku hizi hata ile Februari imeanza kubana. Mashirika yamegundua kiti cha mbele kisiachwe kwa mpakia mizigo, siku chache kabla ya safari apu inamtumia abiria wa ekonomi ofa, ongeza kiasi fulani ukae mbele, na watu wanaongeza. Kibiashara wana haki yao, hata mimi ningeuza. Ila wazee wanasikitika, wanahadithia miaka ambayo bizinesi ilikuwa wafanyakazi watupu.

Ukishakipata hicho kiti kuna adabu zake, hazijaandikwa zote lakini kila mtu anazijua. Humwambii jirani hujalipa, yeye katoa dola elfu nne na wewe unamchekea bure, ya nini. Mhudumu akipita na chakula, abiria waliolipa wanachagua kwanza, wewe unasema "chochote kitakachobaki". Hulewi. Hubonyezi kengele. Wengi tunabeba boksi la chokoleti tunawapa wahudumu mlangoni tukiingia, sio rushwa maana kiti umeshapewa, ni heshima tu, wale wako kazini na wewe uko matembezini. Na mavazi. Machi 2017 kuna mabinti wawili walizuiwa Denver kupanda ndege ya United kwenda Minneapolis kwa sababu walivaa legingi, mtandao ukawaka, kumbe walikuwa wanasafiri kwa pasi ya mfanyakazi na pasi ilikuwa na masharti ya mavazi ambayo abiria wa kawaida hana. Masharti yamelegezwa sana tangu hapo, ila mimi mpaka leo siendi getini na kandambili. Mama alinifunza mgeni anavaa vizuri.

Mama mwenyewe sasa. Hamna ndege ya shirika la Marekani inayotua Nairobi, Dar wala Entebbe. Delta walitangaza Nairobi kupitia Dakar mwaka 2009, serikali ya Marekani ikazuia kwa sababu za usalama siku moja kabla ya ndege ya kwanza kuruka, ikaishia hapo. Kwa hiyo sisi wa kwetu lazima tuunge: kipande cha kwanza shirika lako bure, kipande cha pili shirika la wengine kwa nauli ya wafanyakazi, inaitwa ZED, mashirika mengi ya dunia yamekubaliana nauli ndogo kufuatana na umbali. Bei ni rahisi kweli, lakini huko kwa watu wewe unakuwa wa mwisho wa wa mwisho, wafanyakazi wao wote na mama zao wanapita kwanza. Tuna apu ambayo unauliza ndege ya watu ina nafasi ngapi, mfanyakazi wa kule asiyekujua anakujibu, na wewe kesho unamjibu mwingine.

Mama akatua Marekani vizuri, akakaa na wajukuu, siku ya kurudi akapata bizinesi mpaka Ulaya. Nilimwona jina linapanda kijani nikataka kupiga kelele. Kumbe huko ndani hakufurahi kiasi hicho! Alinipigia alipotua. "Shikamoo mama, umelalaje?" "Marahaba mwanangu, kulala nimelala, lakini wameniweka peke yangu penye ukuta huku na ukuta huku, hamna hata mtu wa kumwambia samahani naomba nipite. Saa nane zote sijaongea na mtu." Yeye ekonomi angekuwa ameshajua jirani yake ana watoto wangapi.

Kipande cha pili ndo kikagoma. Ilikuwa mwezi wa saba, ndege ya kuelekea Kilimanjaro na Dar imejaa wapanda mlima na watu wa safari za mbugani, mabuti yao mapya yananing'inia kwenye mabegi. Haikuwa kosa la mtu, imejaa imejaa. Lakini hapa ndo tofauti ya pasipoti inapokuja. Mfanyakazi mwenye pasipoti ya Marekani akikwama uwanja wa Ulaya anatoka nje, anachukua hoteli mjini, anakula mikate yao mizuri, kesho anajaribu tena, na kwenye hadithi zake anaita hiyo bahati. Mama ana pasipoti ya Tanzania na viza ya Marekani tu. Hawezi kuvuka dirisha la uhamiaji. Yaani jana usiku kalala kwenye kitanda cha maelfu ya dola, leo kalala kwenye viti vya chuma vya uwanja, khanga kajifunika, mkoba kichwani, na vyoo anavijua vyote. Viwanja vingine vina hoteli humo humo ndani, bei yake ya saa chache ningeweza kumlipia nauli ya boti ya kwenda Unguja mara kadhaa, nikalipa usiku wa pili. Baadaye nikamnunulia tiketi ya kawaida akaenda zake. Ukijumlisha hoteli na ile tiketi ya dakika za mwisho, ile bure ilinigharimu kuliko safari ya kulipia tangu mwanzo. Siku hizi mama namnunulia kipande cha pili mapema kabisa, standibai anafanya kile cha kwanza tu, na namlisti siku mbili kabla ili kuwe na pumzi.

Kuna njia ya moja kwa moja, Kenya Airways wanaruka New York mpaka Nairobi tangu Oktoba 28, 2018, Boeing 787 yenye viti 30 vya bizinesi na 204 vya ekonomi. Nzuri sana kwa anayekaa mashariki. Ila kurudi kutoka Nairobi mtu wa standibai ajue kitu kimoja ambacho kwenye apu hakionekani, uzito. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Denver, na huko juu hewa ni nyepesi, mabawa na injini vinapata kidogo cha kushika. Weka mafuta ya safari ya saa kama 15 kwenye ndege hiyo hiyo, na lazima kitu kipunguzwe. Mimi hii naijua kutokea chini: uko ndani ya tumbo la ndege, umeshapanga masanduku mpaka nusu, unaambiwa simamisha, subiri, toa haya matatu. Juu getini kuna mtu anaona viti vitupu kwenye skrini, kumi hivi, na haelewi kwa nini haitwi. Haitwi kwa sababu hamna kilo zake. Ndege inafunga mlango na viti vinakwenda vitupu kweli, na aliyebaki anadhani ameonewa.

Halafu kuna ndugu. Mfanyakazi anapewa pasi chache za marafiki kila mwaka, na mtu akishajua unazo, ukoo unaongezeka. Watu wanadhani ni tiketi. Ni ruhusa ya kusimama mwisho wa listi, baada ya wote, na kuna tarehe za sikukuu ambazo haziruhusiwi kabisa. Hasa hasa, unachompa mtu ni wewe mwenyewe: akilewa ndani ya ndege, akimtukana dada wa geti, anayeitwa ofisini sio yeye, ni mimi, na pasi za familia yangu yote zinaweza kufungwa. Kuziuza ndo usithubutu, watu wamefukuzwa kazi kwa hilo. Na thamani ya safari ya rafiki inaingizwa kwenye mapato yangu nakatwa kodi, maana kile kifungu cha 132 kilimkumbuka mama, hakikumkumbuka shemeji.

Shemeji mwenyewe anaelewa nusu. Alisafiri mara moja mwezi wa pili, ndege tupu, akakaa mbele, akapiga picha na kile kitaulo cha moto mpaka leo iko kwenye profaili yake. Kwake yeye standibai ndo ile. Jana kanitumia meseji, "shem, tarehe 22 Desemba tuko wanne, tupangie bizinesi kama ile". Nimemtumia linki ya tiketi za kulipia, na nimemwambia akate mapema maana zinapanda.